Nyumba Iliyorukwa na Maji Taka

Nyakio alifungua mlango wa nyumba yake ya mtaa wa Section 58 Jumapili saa kumi na nusu jioni, na nyuma yake wakwe wake wapya walikuwa wamejipanga mstari wakiimba. Siku iliyotangulia, ruracio, sherehe ya mahari ya bintiye Natalie, ilikuwa imefanyika kwa kina Nyakio kule Dundori, na mahari ikapokelewa kwa vigelegele. Sasa Nyakio, mtu ambaye hajawahi kupitwa na nafasi ya kuringa, alikuwa amewasihi wazee wa upande wa bwana harusi washuke naye hadi Nakuru wanywe chai, waone binti yao mpya ametoka katika nyumba ya namna gani.

Wakaona.

Harufu ilitoka kwanza. Kisha maji meusi yakavuka kizingiti, yakaingia ndani ya viatu vyake vya shughuli, yakiwa yamebeba vitu ambavyo sitavitaja, maana huenda kuna msomaji anayekula. Zulia jipya lilikuwa limezama. Makochi yalikuwa yamelowa miguu yote. Wimbo ulikatika katikati ya ubeti. Baba wa bwana harusi alikohoa, akasema labda wangoje kwenye gari, na baada ya muda mfupi gari liliondoka bila kumuaga mtu.

Natalie alikimbilia chumbani. Gauni lake la harusi, ambalo mama yake alilihifadhi ndani ya sanduku chini ya kitanda, lilikuwa limelowa maji ya choo kutoka pindoni hadi kifuani. Harusi ilikuwa imebaki wiki mbili. Natalie alilishika tu, hakulia, na jambo hilo lilimtisha baba yake, Kabiru, kuliko kilio chochote.

"Ni Cherop!" Nyakio alipiga kelele akiwa bado amesimama ndani ya maji. "Huyo msichana ameniua! Alisema atanionyesha!"

Cherop alikuwa mfanyakazi wake wa nyumbani. Alipofika langoni saa kumi na mbili, akitoka kwa dada yake Njoro na mtoto wake mchanga mgongoni, alikuta polisi wawili wanamngoja. Walimchukua hivyo hivyo. Mtoto alifunguliwa mgongoni akakabidhiwa jirani wa nyumba ya chini, Mwalimu Tabby, mstaafu aliyewafundisha nusu ya vijana wa mtaa ule kusoma, ambaye alijitolea mwenyewe kumlea hadi mambo yajulikane.

Kesi ilimfikia Sajenti Jepkemboi wa upelelezi Jumatatu asubuhi, siku ya Mashujaa, wakati watu wenye bahati walikuwa bado wamelala.

"Sajenti, umepewa kesi ya choo," mwenzake mmoja alimwambia. "Usisahau gumboots."

Ofisi nzima ilicheka. Jepkemboi hakucheka. Alikuwa mwanamke wa hasira za karibu, na kulikuwa na mambo mawili yaliyozipandisha upesi: kuchekwa, na mtu kufungiwa ndani kwa sababu tu ni rahisi kumfungia. Korti ilikuwa imefungwa kwa ajili ya sikukuu. Jumanne asubuhi Cherop angepandishwa kizimbani kwa kosa la kuharibu mali kwa makusudi, na mkuu wa Jepkemboi, aliyeona ufunguo wa nyumba aliokutwa nao msichana ni ushahidi tosha, alitaka faili iwe tayari kufikia jioni hiyo. Jepkemboi aliomba kuonana kwanza na msichana mwenyewe.

Cherop alikuwa ameketi sakafuni kwenye seli, amekunja mikono kifuani. Blauzi yake ilikuwa imelowa mbele. Jepkemboi alidhani ni maji, kisha akaelewa kwamba ni maziwa.

"Afande, mtoto amekula?" Cherop aliuliza kabla ya salamu.

"Ako kwa Mwalimu. Nitaenda kumwona leo. Niambie, Alhamisi ulimwambia Nyakio, 'Hii utailipa.'"

"Nilisema."

"Kwa nini?"

"Alinizaba kofi mbele ya wageni. Ati nimeosha nepi za Kiptum kwa sinki ya jikoni. Maji ilikuwa imepotea siku mbili, hiyo ndio tap pekee ilikuwa inatoa."

"Na ulimaanisha?"

"Nilimaanisha, afande. Nilikuwa naomba siku moja azeeke, aanguke kwa hiyo nyumba yake, aniite, nijifanye sijasikia." Alifuta uso kwa kiganja. "Lakini si kumwaga choo ndani ya nyumba. Hiyo choo ingeoshwa na nani? Si ni mimi?"

Jepkemboi alikuwa amesikia mawakili wenye suti za bei wakijitetea vibaya kuliko hivyo.

"Ijumaa walikuachia kazi gani?"

"Kufunga dreni. Mama Natalie akisafiri lazima. Unamwaga jagi ya maji kwa kila dreni ya sakafu na kijiko ya mafuta ya kupika juu, ndio maji isikauke harufu ipande. Halafu unaweka karatasi ya nailoni na jiwe, mende zisiingie. Nilifanya zote tatu, bafu, jikoni na choo. Nikafunga mlango saa nne, nikaenda kwa dada."

"Kuna mtu alikuona ukifanya?"

"Nani ataangalia mtu akifunika dreni?" Cherop alilikamua pindo la blauzi. "Wakinipeleka remand, Kiptum atasahau ziwa langu. Ako na miezi nane tu. Watoto husahau haraka."

Saa nne na nusu Jepkemboi alikuwa Section 58. Maji yalikuwa yameshuka, yakaacha tope jeusi na alama ukutani, juu kidogo ya kifundo cha mguu. Nyakio alimfuata chumba kwa chumba akiwa amejifunga leso puani.

"Umeona vile amenifanyia? Wakwe hawajapiga simu hata moja. Hata moja! Natalie hali, halali. Huyo msichana nataka aoze huko ndani."

Jepkemboi alichuchumaa bafuni. Nyuma ya mlango, ndani ya tope, alipata jiwe la ukubwa wa ngumi, na karatasi ya nailoni imejikunja kando yake. Jikoni, jiwe lingine chini ya meza. Chooni, la tatu. Cherop alikuwa amefanya kazi aliyotumwa. Lakini jiwe la kuzuia mende haliwezi kuzuia sewa, maji taka ya mtaa mzima, ikiamua kurudi nyuma. Ilikuwa imeyasukuma mawe kando na kuingia.

"Ni nani alizibua?" aliuliza.

Alikuwa Sitati, fundi wa mabomba ambaye mtaa mzima ulimwita kila sinki ilipokataa kushuka. Aliletwa kutoka barabarani, akaonyesha alichokitoa. Lilikuwa gunia lililojazwa mchanga, mdomo umeshonwa kwa kamba ya katani, bado linadondosha maji machafu pale uani.

"Hii haikuingia yenyewe, madam," alisema. "Mtu aliiteremsha."

"Wapi?"

"Shimo la mwisho, pale nje ya ua wa Mwalimu. Nyumba zote saba za hii row zinashukia pale, kisha laini inaenda barabara kubwa."

"Mashimo ya huku juu?"

"Hayafunguki. Watu wa skrapu waliiba vifuniko vya chuma, so wenye nyumba wakamwaga slab na kuziba na simiti. Hiyo ya chini pekee ndio iliachwa, na unaiinua na mtaimbo."

"Wewe una mtaimbo."

"Ai, madam. Hapa kila mtu ako na shamba mahali. Kila mtu ako na mtaimbo."

"Sewa ikiziba, nani anaitwa?"

Sitati aliacha kutabasamu. "Mimi."

"Kwa hivyo ikiziba vizuri, wewe unakula vizuri."

"Madam, mimi nilikuwa Njoro, Alhamisi mpaka jana mchana, naweka mabomba kwa nyumba ya pasta. Nimelala huko. Mpigie, namba hii hapa."

Jepkemboi alipiga papo hapo. Pasta alithibitisha kila kitu, na akaongeza bila kuulizwa kwamba Sitati anakoroma hadi watoto wake wamehamia chumba kingine. Sitati alitazama chini kwa aibu. Jepkemboi alimfuta katika orodha yake ya kichwani, akabaki na kitu kimoja alichokuwa na hakika nacho: aliyefanya haya hakuhitaji ufunguo wa mlango. Alikuwa nje muda wote. Ule ufunguo wa Cherop, ambao mkuu wake aliushikilia kama ushahidi mkubwa, haukuwa na maana yoyote.

"Mama Natalie," alimuuliza Nyakio, "mbali na Cherop, nani ana kinyongo na wewe?"

"Mimi? Nimeishi na watu vizuri. Uliza mtu yeyote."

Kabiru, aliyekuwa akikwangua tope kwa koleo, aliinua kichwa kidogo, akakirudisha chini.

Saa saba Jepkemboi alishuka hadi nyumba ya mwisho. Mwalimu Tabby alikuwa barazani, ameinama juu ya karai, anamwogesha Kiptum. Upepo wa kreta ya Menengai ulikuwa umeanza kuvuma na mtoto alikuwa anatetemeka kidevu, lakini mikono ya Mwalimu ilikuwa na upole, na ilimaliza haraka. Alimfunga taulo, akamweka begani. Kisha akanyanyua karai kwa mkono mmoja, akapita pahali pa kufulia palipokuwa hatua chache tu, akaenda kumwaga maji kwenye maua karibu na ua.

"Karibu, mwanangu. Huyu mtu amekataa uji wangu, lakini maziwa ya chupa anakubali kidogo kidogo. Mama yake yuko aje?"

"Anamlilia."

Uso wa Mwalimu ulibadilika. Aliingia ndani, akaweka chai.

"Wikendi ulikuwa wapi, Mwalimu?" Jepkemboi aliuliza walipoketi.

"Kabazi, nyumbani kwetu. Dada yangu anavuna mahindi. Niliondoka Ijumaa kama saa sita mchana, nikarudi jana saa kumi na moja, nikapata watu wamejaa kwa Nyakio."

"Hapa kwako kuliingia?"

"Hata tone. Mungu ni mwema."

"Labda ulikuwa umefunga dreni zako kabla ya kusafiri?"

"Nani, mimi? Niliondoka mbio, mwanangu. Nilifunga mlango nikaenda."

"Nani anaweza kumfanyia Nyakio kitu kama hiki?"

Mwalimu alimpigapiga mtoto mgongoni kabla ya kujibu. "Nyakio ana mdomo. Mtu mwenye mdomo hawezi kujua amemuumiza nani. Lakini huyo msichana hana hatia. Waambie wakubwa wako wamwachilie."

"Wanataka jina lingine mahali pa lake."

"Basi mtafute," alisema Mwalimu, akamwongezea chai.

Jepkemboi aliomba kunawa mikono kabla ya kuondoka. Alielekea bafuni, akakuta jerikani mbili kubwa zimejaa maji zimesimama katikati ya sakafu, hakuna pa kuweka mguu. Mwalimu alimwita jikoni haraka, akammiminia maji kwa jagi juu ya beseni. Jepkemboi hakuona ajabu. Nakuru ni mji wa mgao wa maji, na hakuna nyumba isiyo na jerikani za akiba.

Alipotoka, manyunyu yalikuwa yameanza. Alisimama langoni kufungua mwavuli. Kijito chembamba cha maji ya mvua kilikuwa kinashuka barabarani, kikapita lango la Nyakio, kikafika lango la Mwalimu, kikamlowesha viatu. Alikiruka, akasonya.

Halafu akageuka, akakitazama tena.

Maji hushuka. Hilo hata mtoto wa Cherop angeligundua akianza kutambaa. Gunia lilikuwa limeziba shimo lililo chini ya nyumba ya Mwalimu. Sewa ya nyumba saba ikikosa njia hurudi nyuma, na ikirudi nyuma hutafuta mdomo ulio chini kuliko yote. Mdomo huo ulikuwa kwa Mwalimu, ambaye sakafu yake ilikuwa ngazi tatu chini ya ile ya Nyakio. Nyumba iliyopaswa kujaa kwanza ilikuwa hii. Badala yake uchafu uliiruka, ukapanda hadi kwa jirani. Mungu ni mwema, sawa, lakini hata yeye kwa kawaida huacha maji yashuke.

Uchafu hauruki nyumba ila nyumba hiyo imefunga midomo yake yote. Na mwenyewe ameifunga kwa kitu kizito kuliko jiwe la mende.

Jepkemboi alikumbuka yule mtoto akitetemeka kidevu. Mwanamke mwenye mikono ya upole namna ile, mwenye bafu ndani ya nyumba, anamwogesha mtoto wa watu kwenye upepo kwa sababu gani? Na kwa nini abebe karai zito hadi kwenye maua, wakati pahali pa kufulia pako miguuni pake? Alihisi moyo unamuuma kabla hata hajakasirika, maana alikuwa amempenda yule mama. Kisha akafikiria ile blauzi iliyolowa maziwa kule seli, na hasira ikaja.

Saa kumi jioni alirudi. Alikuwa na Sitati na patasi yake, na Nyakio, Kabiru na Natalie, ambao aliwaambia tu waje wanyamaze. Konstebo alikuwa ameachwa nje kwenye gari na Cherop. Mwalimu Tabby aliwafungulia, akawahesabu kwa macho, akamlaza mtoto kwenye kochi kama mtu anayejua atahitaji mikono yake.

"Sitati," Jepkemboi alisema, "toa hizo jerikani bafuni."

"Ni maji ya akiba," alisema Mwalimu.

"Tutakurudishia."

Jerikani zilisogezwa. Chini yake, mahali penye kichujio cha dreni, palikuwa na simiti ya kijivu, mpya, iliyolainishwa vizuri kwa mkono wa mtu anayependa kazi safi. Jikoni chini ya mkeka walipata nyingine. Pahali pa kufulia, chini ya beseni lililogeuzwa, ya tatu.

"Nilikuwa nazuia mende," alisema Mwalimu, lakini alisema polepole, bila kujitahidi.

"Saa saba uliniambia hukufunga kitu. Na hata kama ungeniambia ulifunga, Mwalimu, msafiri hufunga kitu atakachofungua akirudi. Maji na mafuta. Karatasi na jiwe. Nani hutia simiti kwa bafu yake mwenyewe kwa sababu anaenda Kabazi siku mbili? Huyo hazuii mende. Huyo anajua sewa yote ya mtaa inakuja, na anataka imkute amefunga, ipande kwa mwenzake."

Jepkemboi aligonga simiti kwa kifundo cha kidole.

"Ijumaa Nyakio aliondoka saa tatu, Cherop saa nne. Wewe ulikaa hadi saa sita. Shimo liko nje ya ua wako. Choo chako mwenyewe ulikizibaje?"

"Mfuko wa mchanga," alijibu Mwalimu Tabby, kwa sauti ile ile ambayo huenda alitumia kusahihisha hesabu. "Niliutoa chooni jana, Sitati alipomaliza kuzibua. Simiti sikuweza. Patasi ina kelele, na polisi walikuwa hapo juu."

Nyakio alipiga yowe. "Mwalimu! Wewe? Wewe ambaye nilikuwa nakuachia kuku zangu?"

Mwalimu Tabby aligeuka kumtazama, na upole wote ukamtoka usoni.

"Unakumbuka nilipomzika Njoki?"

"Binti yako? Nakumbuka. Si tulichanga?"

"Mlichanga. Na wakati huo ulikuwa unauza supu ya kichwa hapo nyuma, na mafuta yote ya mbuzi unamwaga kwa sinki. Yaliganda kwa laini. Nilirudi kutoka Kabazi na watu wa matanga nyuma yangu, dada zangu, pasta, wazee. Nikafungua mlango." Alitazama mlango wa chumba chake cha kulala. "Nguo za Njoki zilikuwa kwa sanduku chini ya kitanda. Kulikuwa na sweta yake ya kijani, ile aliyovaa hospitali. Sikuwa nimeiosha. Ilikuwa bado inanukia yeye. Nilikuwa nimejiambia nitainusa kidogo kidogo, nisiimalize."

Natalie alifunika mdomo.

"Hiyo ningekusamehe, Nyakio. Mafuta hayana macho. Lakini wiki hiyo hiyo nilikuja kwa mkutano wa wakazi kusema mambo ya mafuta, na wewe ukasimama mbele ya watu. Ukasema, 'Mwalimu, mtu akisafiri hufunga dreni zake. Ama huko Kabazi bado mnaenda msituni?' Na watu wakacheka. Binti yangu hajakaa wiki moja kaburini, na mtaa mzima unanicheka."

Kabiru alitazama viatu vyake. Yeye pia alikuwa amecheka.

"Mimi?" Nyakio alisema. Alikuwa amekunja uso akitafuta kichwani, na ilionekana wazi kwamba hapati kitu. "Mimi nilisema hivyo? Haki, Mwalimu, sikumbuki."

"Hukumbuki."

"Haki ya Mungu."

"Hukumbuki!" Mwalimu Tabby alimsogelea hatua moja. "Miaka yote hii nakuamkua asubuhi, nafikiri unakumbuka na unaona haya. Nikafikiri siku moja utaniomba msamaha. Na wewe ulisahau ukifika kwa lango lako! Basi nilifanya vile uliniambia. Nilisafiri, na nikafunga dreni zangu. Nilingoja uwe na wageni nyuma yako, kama mimi. Hata gauni, ulinionyesha mwenyewe pahali unaliweka."

"Mwalimu," Natalie alisema kwa sauti ndogo, "mimi nilikukosea nini?"

"Na Njoki alikuwa amemkosea nini mama yako?"

Natalie alitoka nje akilia, na hapo ndipo walipoona kwamba mlango ulikuwa wazi na Cherop amesimama kwenye kizingiti, konstebo nyuma yake. Hakuna aliyejua amesikia kutoka wapi. Alipita katikati yao hadi kwenye kochi, akamchukua mtoto wake, akaketi, akafungua blauzi. Kiptum aligeuza uso. Cherop alimgeuza tena taratibu, akamwekea ziwa mdomoni, akangoja. Mtoto alikataa mara ya pili. Mara ya tatu alishika, na kila mtu mle ndani alimsikia akimeza.

Mwalimu Tabby alimkaribia, akachuchumaa mbele yake.

"Kwako nimekosa, Cherop. Wewe hukuwa kwa hii hesabu. Sikujua watakushika wewe."

"Jana ulijua."

"Jana nilijua."

"Na ulimfungua mtoto kwa mgongo wangu na mikono yako. Ukaniambia nisilie, Mungu anaona." Cherop hakupandisha sauti. "Nilikuwa nakuita cucu, kama nyanya yangu, Mwalimu. Nilikuwa nafikiria nikikosa watu wote, niko na wewe."

"Nisamehe, mwanangu. Wewe nakuomba. Yule pale," akamwonyesha Nyakio kwa kidole bila kugeuka, "hata nikiwa nakufa sitamwomba kitu."

Nyakio alijikaza. Huenda ilikuwa mara yake ya kwanza kuona haya, na hakujua aiweke wapi.

"Cherop, turudi nyumbani," alisema. "Hata mimi nilikukosea. Ile kofi."

Cherop alimtazama mtoto tu. Alimnyonyesha mtoto hadi akalala, akamfuta mdomo kwa pindo la leso, akamfunga mgongoni. Wote walimngoja, pamoja na konstebo aliyekuwa ameshika pingu. Alipokwisha kukaza fundo, alimgeukia Jepkemboi.

"Afande, huyu atapelekwa korti lini?"

"Kesho asubuhi. Lakini wewe umeachiliwa, Cherop. Hutahitajika kesho."

"Nitakuja. Kesho na kila siku wakimwita. Nataka kukaa mahali ataniona."

Jepkemboi alipaswa kumwambia aende kwa dada yake akapumzike, amshukuru Mungu, asahau. Alimtazama Mwalimu Tabby akinyoosha mikono ifungwe, akaitazama ile blauzi iliyokauka madoa ya maziwa.

"Milango inafunguliwa saa mbili," alimwambia. "Fika mapema, viti vya mbele huisha haraka."